Jiwe Lililoshika Kikombe

Kwa miaka mingi niliamini, tena bila chembe ya shaka, kwamba kuna mtu wa kwetu aliyegeuzwa jiwe kwa sababu ya kikombe cha chai.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mtu huyo alikuwa muumini wa kanisa letu, pale milimani juu ya Ekerenyo. Siku moja akaasi. Akaketi chini ya mkaratusi, akajimiminia chai, akanywa. Kabla hajameza funda la pili, radi ikashuka. Haikumuua. Kuua ni kazi ndogo, hata mafua huua. Ilimgeuza jiwe la sabuni, lile jiwe laini jeupe linalochongwa huku kwetu Kisii, akabaki ameketi vivyo hivyo, kikombe mkononi, kidole cha mwisho kimenyooka kama cha Mzungu. Kisha wachongaji wakamkata vipande wakampeleka mjini. Miguu ikawa vinara vya mishumaa. Kichwa, maskini, kikawa kisahani cha majivu ya sigara.

Nilikuwa na ndevu tayari, na bado niliamini.

Kanisa letu lilikuwa dogo kuliko ghala la mahindi la tajiri, lakini makatazo yake yangejaza lori likashindwa kupanda mlima. Hatukunywa chai wala kahawa. Pombe ya busaa na tumbaku hata kuvitaja ilikuwa kosa. Redio ilikuwa kinywa cha Shetani, na sindano ya hospitali ilikuwa mkia wake. Na haya yote katika vilima ambavyo watu walikuwa wameanza kupanda chai hadi vizingitini mwa milango yao! Sisi tulichuma majani katika mashamba ya majirani kwa kibarua, tukanawa mikono kwa majivu, tukarudi nyumbani kunywa uji.

Lakini katazo lililonisumbua mimi halikuwa chai. Lilikuwa kicheko. Kiongozi wetu, omogaka mmoja mrefu, mwembamba, mzee anayeheshimiwa kutoka kijiji hadi kijiji, alifundisha kwamba wanaoonyesha meno ni mbwa na Shetani tu. Sasa Mungu, kwa sababu zake mwenyewe, alikuwa ameniumba na kicheko cha watu wanne. Nikicheka Ekerenyo, mbuzi wa Nyaramba waliinua vichwa. Na kila siku ya ibada ilitubidi kusimama mbele ya wote na kutaja makosa ya wiki.

"Nimecheka," nilisema.

"Tena?" akauliza kiongozi. "Umecheka nini?"

"Jogoo wetu, mzee. Alitaka kuwika juu ya ua akateleza kwenye matope. Akainuka, akatazama huku na huku kama anayetaka kujua nani amemwona."

Na hapo, nikimkumbuka yule jogoo, nilicheka tena papo hapo, mbele ya madhabahu. Nikaambiwa nisimame wiki inayofuata kuungama kwamba nilicheka nikiungama. Wiki inayofuata nikasimulia yaliyotokea, na jogoo akarudi. Kosa moja la jogoo lilinichukua msimu mzima wa mahindi.

Tulikuwa pia na kamba. Kila muumini alifunga kiunoni, chini ya nguo, kamba ya katani. Siku ya mwisho malaika angeshuka na kulabu, akamnasa kila mwenye kamba na kumpandisha juu, kama ndoo inavyotolewa kisimani. Na mpaka siku hiyo ifike, kamba ilikuwa kinga ya radi. Jambo hili kwetu halikuwa dogo. Watu wa sehemu nyingine huiona radi mara chache. Kwetu radi ni jirani. Mawingu hupanda kutoka upande wa ziwa baada ya chakula cha mchana, na kabla ng'ombe hawajarudi zizini mbingu zimekwisha kupasuka. Tuliambiwa: asiye na kamba, radi inamjua.

Mama yangu, mjane aliyetulea kwa jembe na sala, ndiye aliyesokota kamba bora kuliko wote. Alisugua nyuzi za katani kwenye paja lake akiimba polepole, na kwa kamba zake ungeweza kumfunga fahali. Mimi nilifungwa kamba ya mama tangu nilipoanza kutembea.

Miaka michache baada ya Uhuru nilishuka Kisii mjini kutafuta kazi. Nikaipata katika duka la nguo la Mhindi mmoja. Kwanza nilibeba majora ya vitambaa, baadaye nikakaribishwa kwenye cherehani pale barazani. Yule tajiri aliona haraka kwamba miguu yangu inajua kukanyaga cherehani lakini macho yangu hayajui namba za futi.

"Fundi asiyesoma," akaniambia, "atamshonea mtu mnene suruali ya mtu mwembamba. Halafu nani atarudishiwa suruali? Mimi."

Akaniandikisha ngumbaru, lile darasa la jioni la watu wazima. Tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni, karabai inavuma juu yetu. Kulikuwa na wachoma mahindi, mapolisi, na bibi mmoja aliyekuja na kuku wake kwa kuogopa wezi. Mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote. Ukimuuliza mwalimu wangu atakanusha, lakini yeye hayuko hapa.

Basi, kila saa kumi ya alasiri mke wa tajiri alitoa chai nyuma ya duka, chai ya maziwa yenye tangawizi, harufu yake ikipita katikati ya vitambaa na kuniingia puani kama mwito. Kila siku nilikataa. Na juu ya kaunta palikuwa na kisahani cha majivu cha jiwe la sabuni. Nilipangusa kaunta yote, nikapangusa mizani, mkasi, hata kalenda ukutani, lakini kisahani hicho nilikizunguka kwa mbali.

"Mbona hicho hukipangusi?" tajiri akauliza siku moja.

"Huyo ni mtu, bwana."

"Mtu gani?"

"Kichwa cha mtu wa kwetu."

Tajiri akakitazama kile kisahani muda mrefu. Kisha akainuka na sigara yake akaenda kuizimia nje. Yeye mwenyewe alikuwa na taa yake ndogo na maua yake mbele ya picha za miungu yake, na hakuwa mtu wa kuchezea mambo ya dini ya mwenzake.

Ikaja alasiri ya mvua ya mawe. Nilikuwa nimelowa, meno yanagonga kuliko cherehani. Mke wa tajiri akaniwekea kikombe mbele yangu bila kusema neno. Mvuke wake ukanipiga usoni. Nikashika. Nikanywa funda moja.

Wakati huohuo radi ikapasuka juu ya bati, mji mzima ukatikisika, nami nikajikuta chini ya kaunta, kikombe bado mkononi.

"Wewe," sauti ya tajiri ikatoka juu, "unafanya nini huko chini?"

"Nangoja kugeuka."

"Kugeuka nini?"

"Jiwe."

Akafikiri. "Basi maliza chai kwanza. Hicho kikombe ni cha mke wangu."

Nikamaliza. Ningefanya nini tena? Nilikwisha hukumiwa kwa funda moja. La pili lingeongeza nini? Na chai ile, jamani! Nimekula asali ya nyuki wa porini, nimekula nyama ya harusi tatu kwa siku moja, lakini sijapata kuonja kitu kama chai niliyoinywa chini ya kaunta nikingoja kufa. Kisha nikapapasa magoti yangu. Laini. Nikapapasa masikio. Laini. Kwa wiki nzima kila asubuhi nilijibinya mwili mzima kabla ya kuinuka kitandani, na kila asubuhi nilikuwa nyama.

Nilipojua kusoma vizuri nilinunua Biblia ya Kiswahili, nikaisoma yote nikitafuta chai. Nikapita kwa wafalme, nikapita kwa manabii, nikapita katika zile koo ndefu ambazo fulani alimzaa fulani mpaka ulimi unachoka. Chai haikuwamo. Nilikuta divai. Nilikuta samaki wa kuchoma. Nilikuta watu wanacheza mbele za Mungu, na nikamkuta hata bibi kizee aliyecheka malaika wakimsikia, wala hakugeuzwa kitu chochote. Alipewa mtoto.

Nikapanda nyumbani siku ya ibada. Nikasimama mbele kama kawaida.

"Umecheka," akasema kiongozi, akitaka kuniharakisha.

"Sikucheka, mzee. Nimekunywa chai."

Kuku mmoja aliyekuwa mlangoni akaona ni heri aondoke.

"Na unasema nini juu ya dhambi hiyo?"

"Nasema ilikuwa tamu, mzee."

Mtu mmoja nyuma akacheka, sijui hadi leo ni nani. Kicheko kidogo tu, cha puani. Lakini kwangu kilikuwa kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Sikuwa namcheka kiongozi. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeogopa tangu utoto, na woga ulikuwa umenitoka kifuani kama njiwa.

Nikafutwa siku hiyohiyo. Niliamriwa kufungua kamba mbele ya wote. Kiongozi aliipokea kwa ncha za vidole, akasema polepole, bila hasira, "Sasa radi inakujua." Nikatoka. Asubuhi ile haikuwa na wingu hata moja, nami nilikuwa nimeichagua kwa makusudi. Nina imani, lakini si mjinga.

Watu huniuliza kama nilijuta. Nijute nini? Nilikodi chumba Nyaramba, sokoni, nikanunua cherehani yangu, nikafungua kazi. Nikanunua redio kubwa kama sanduku la nguo, ikiimba tangu asubuhi mpaka betri zinapolegea. Na Mungu sikumwacha kanisani. Nilitoka naye. Kila asubuhi niliwasha makaa ya pasi, nikateleka chai juu ya makaa hayohayo, nikashukuru kikombe kikiwa mkononi. Baadaye nilipata kanisa jingine, watu wanapiga makofi na hawaulizani habari za majogoo. Mimi hukaa karibu na mlango ili kicheko kipate pa kutokea.

Nilichokuja kuamini nilikijua kwa kazi yangu. Mimi ni fundi. Nikimshonea mtu nguo, simfuati njiani nikinyemelea nione ikichanika nimchape. Nataka aivae, acheze nayo, ale nayo harusini. Ikichanika, anirudishie niishone. Nilidhani, na bado nadhani, kwamba aliyetushona sisi hawezi kuwa na roho ndogo kuliko fundi wa Nyaramba.

Kitu kimoja tu kilipungua katika furaha hiyo, nacho kilikuwa mama.

Kwa sheria ya kanisa lao, aliyefutwa haliwi chakula chake, wala hakai mtu chini ya paa lake mvua ikinyesha, kwa kuwa radi inamtafuta. Mama hakuacha kuja. Alikuja asubuhi, jua likiwa kali, na kikapu cha ndizi kichwani na kamba mpya ya katani ndani ya kikapu. Aliketi kwenye benchi, sikio moja kwangu, jicho moja upande wa ziwa. Wingu la kwanza likitokeza, hata likiwa dogo kama kitambaa cha mkono, mama alisimama.

"Mama, ndizi ziko motoni, hazijaiva bado."

"Ndizi zangu nimekuletea wewe. Kutoka sufuria yako siwezi kula, unajua. Na hilo wingu linakutafuta."

"Linatafuta mahindi, mama. Watu wamepanda."

"Cheka tu. Yule naye alicheka."

"Nani?"

"Yule wa jiwe." Kisha alinisukumia kamba. "Funga, mwanangu. Hata kama huamini. Funga kwa ajili yangu."

Sikuifunga, kwani ningekuwa namdanganya. Lakini kutupa kamba aliyoisokota mama kwenye paja lake pia sikuweza. Nilianikia nguo za wateja, nikafungia mbuzi, nikafungia mlango. Chumba changu kilikuwa na kamba nyingi kuliko meli.

Sikutaka mama aache kanisa lake; lilimpa nguvu alipofiwa, na wenzake humo walimlimia. Nilitaka kitu kimoja: akae mvua moja nyumbani kwangu. Mvua moja tu, ale chakula changu, asinitazame kama mtu ambaye tayari anafuka moshi.

Nikamweleza mambo ya ngumbaru, kwamba radi hupenda kitu kirefu, mti au mlingoti. Akanisikiliza kwa adabu.

"Huyo mwalimu wako alikuwapo?"

"Wapi?"

"Chini ya mkaratusi."

Kusema kweli, mimi fundi mwenye redio na Biblia sikuwa nimegusa jiwe la sabuni hata siku moja tangu nizaliwe. Bado nilipita mbali na wauzaji wa vinara. Nikaona basi, kama habari yote inasimama juu ya mtu mmoja, nimtafute huyo mtu, au walau kipande chake.

Nikaanzia Ekerenyo. Kila mtu alikuwa amemwona, ila kwa macho ya mwingine. "Nilimwona kwa macho ya shemeji yangu," mmoja aliniapia. Shemeji akanielekeza kwa mjomba, mjomba akasema waulize wa Mosocho, kwa sababu huko ndiko vipande vilikopitia. Nikapanda gari hadi Mosocho. Soko lilikuwa limejaa. Nikamwendea mama mmoja muuza ndizi, kwa kuwa muuza ndizi hujua mambo yote, nikamuuliza habari za mtu wa kule juu aliyegeuka jiwe. Nikamtajia na ukoo wake.

"Yule?" akasema. "Kwani amekuwa jiwe lini?"

"Zamani."

"Mbona mke wake aliniletea majani ya chai Krismasi?"

Nilishika mkungu wake wa ndizi ili nisianguke. "Anakaa wapi?"

"Kericho, kwenye mashamba makubwa. Unanunua hizo ndizi au unazikumbatia tu?"

Nilinunua mkungu mzima. Kisha nikatuma salamu kwa dereva wa lori aliyekuwa akipita Kericho: mwambie mtu huyo kuna fundi Nyaramba anayetaka kumwona, na nauli ni yangu. Nikangoja. Mama akaja na kamba, akaondoka na wingu. Akaja tena, akaondoka tena.

Halafu asubuhi moja, mama akiwa kwenye benchi akimenya ndizi, mlangoni akasimama mzee mnene mwenye koti zito na viatu vya mpira. Alikuwa na pakiti ya majani ya chai kwapani.

"Bwakire," akatusalimu. "Fundi anayeuliza kama mimi ni jiwe, ndiye huyu?"

Kisu kikasimama mkononi mwa mama. Alimtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, omong'ina." Alimwita kwa heshima, kama mama mtu mzima anavyoitwa kwetu.

"Hebu njoo."

Akaja. Mama akaushika mkono wake, akaubinya, akaubinya tena kwa nguvu mpaka mzee akasema "Aa!" Mama akanigeukia, kama mtu anayetoa ripoti barazani kwa chifu.

"Ni nyama," akasema.

Nilicheka. Nadhani mbuzi wa Kericho waliinua vichwa. Yule mzee naye akacheka, tumbo lote likishiriki, na niliposonga mbele kumpa mkono nilikuta machozi yananitoka. Nikateleka chai kwa majani yake, nikaweka ndizi motoni. Wakaulizana habari: nani amezaa, nani amezikwa, ng'ombe wa nani walikufa. Mzee alinywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Mama alikitazama kila kikombe kikipanda mdomoni na kushuka, kama anayengoja kitu.

Upande wa ziwa wingu likatokea. Nililiona kabla yake. Nikanyamaza, jambo gumu kwangu kuliko kubeba jiwe la kusagia. Mama naye akaliona. Mkono wake ukaenda kiunoni, kwenye kamba, ukakaa hapo. Wingu likafunika soko, wauzaji wakakusanya mikeka, matone ya kwanza yakagonga bati, na mara mvua yote ikamwagika, kelele tupu, tukawa hatusikilizani. Mama hakusimama. Nikaweka sahani ya ndizi katikati ya benchi. Akachukua moja bila kunitazama mimi, akaila. Akachukua ya pili.

Ngurumo ikapita juu yetu. Mama akainama kwa yule mzee, akapaza sauti kuishinda mvua:

"Na radi je? Ule mkaratusi uliungua! Nilikwenda mwenyewe nikauona!"

Mzee akaweka kikombe chini, akafuta mdomo.

"Radi ilipiga mti, omong'ina. Mimi nilikuwa nimeondoka tangu asubuhi. Nilipata kazi Kericho."